Mwongozo kamili: jinsi ya kuishi na dalili zinazobaki baada ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo

Maswali yanayonifikia yanafanana. Mshono umepona, daktari amesema uvimbe umetoka, nyumbani wamechinja kuku wa shukrani, lakini kichwa bado kinagonga, mguu mmoja unaburuta, jina la mtoto linapotea na uchovu hauishi. Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Wanaacha dawa siku wanayojisikia nafuu, wanafanya kazi za wiki nzima ndani ya asubuhi moja, au wanafika kliniki na sentensi moja tu: "Daktari, kichwa kinauma." Yote matatu yanarudisha nyuma.

Mwongozo huu ni wa miezi ya kwanza nyumbani, na nimeuandika kwa watu wawili: wewe uliyepasuliwa, na ndugu anayekuuguza. Timu iliyokupasua ikikuambia tofauti na ninayoyasema hapa, fuata ya kwao, kwa sababu wao ndio walioona ndani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari gumu (kaunta buku) na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari lenyewe. Bila uzi kalamu itapotea siku ya pili.
- Kipima joto cha kidijitali.
- Kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku, au vikombe vinne vidogo vilivyoandikwa asubuhi, mchana, jioni, usiku.
- Mito miwili au mitatu migumu.
- Stuli ya plastiki isiyoteleza, ya kukalia bafuni.
- Viatu vilivyofungwa nyuma. Kandambili weka kando kwa sasa.
- Kofia au kilemba laini cha pamba.
- Simu yenye kengele, na namba ya wodi au ya kliniki yako.
- Bahasha moja ya nyaraka: karatasi ya ruhusa, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara), CD ya picha za kichwa (MRI au CT scan), kadi ya bima.
- Mtu mmoja anayesimamia uuguzi. Watano wanaweza kusaidia, lakini dawa zikabidhiwe mmoja, la sivyo kuna siku utameza dozi mara mbili na siku nyingine usimeze kabisa.

Kama una kisukari, ongeza mashine ya kupimia sukari. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Jua uvimbe ulikuwa wapi

Wengi hutoka wodini wakijua "nilikuwa na uvimbe kichwani" na basi. Haitoshi. Dalili zinazobaki hufuata mahali palipoguswa, na ukipajua hutashtuka kwa kila kitu.

Sehemu ya mbele ya ubongo hushika tabia, subira na uwezo wa kuanza jambo. Kwa watu wengi maneno hukaa upande wa kushoto, karibu na paji na juu ya sikio. Kisogoni ni kuona. Ubongo mdogo, chini nyuma, hushika mizani ya mwili, na ukiguswa mtu hupepesuka kama mlevi ingawa misuli ina nguvu. Tezi ya pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo ambayo mara nyingi hufikiwa kwa kupitia puani, hutawala homoni na maji ya mwili.

Muulize daktari: uvimbe ulikuwa wa aina gani, upande gani, umetoka wote au kimebaki kipande, nitahitaji mionzi au la, na dalili ipi unatarajia ibaki.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa pumzi moja, hata kwa daktari wa zahanati asiyekujua: "Nilitolewa meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) upande wa kulia juu, imetoka yote, natumia dawa ya degedege."

## Hatua ya 2: Tenganisha dalili za kuvumilia na za kukimbia nazo hospitali

Orodha hii iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe nyuma ya mlango wa chumba.

Nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho:

- Maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, hasa yakiambatana na kutapika au kusinzia.
- Usingizi mzito usio wa kawaida, au kuamshwa kwa shida.
- Udhaifu mpya wa mkono au mguu, mdomo kupinda, maneno kupotea ghafla.
- Degedege ya kwanza tangu upasuaji, au yoyote inayozidi dakika 5, au mbili zinazofuatana bila fahamu kurudi katikati.
- Joto la nyuzi 38 au zaidi, shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho.
- Mshono kuachia, kutoa usaha, au kuvuja maji maangavu yasiyo na rangi. Maji ya aina hiyo yakitoka puani au yakishuka kooni na ladha ya chumvi, ni hatari ile ile.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata. Damu huenda imeganda.
- Kutapika kiasi kwamba dawa hazikai tumboni.

Kuhusu homa, kwetu mtu akipata joto mawazo yote yanakwenda kwenye malaria. Pima malaria, hakuna ubaya. Lakini mwambie anayekupima kwamba umepasuliwa kichwa, na usimalize siku tatu za dawa mseto nyumbani ukingoja joto lishuke. Maambukizi ya utando wa ubongo hayasubiri.

Sasa zile zinazotisha bure. Ganzi na mwasho kuzunguka kovu vinaweza kukaa miezi, na kiganzi kidogo huenda kisiondoke kabisa, kwa kuwa vijineva vya ngozi vilikatwa. Sauti ya "tik" kichwani unapojigeuza, au hisia ya maji yakicheza ndani, hutokea wakati mfupa unaunga na hewa iliyoingia wakati wa upasuaji inafyonzwa. Taya kuuma unapotafuna ni kawaida kama ulipasuliwa karibu na sikio, maana msuli wa kutafunia ulifunguliwa na kushonwa. Kelele na mwanga kukukera, bila homa wala shingo kukakamaa, nako kumo.

## Hatua ya 3: Fungua daftari

Kichwa "kinauma" kwa namna kumi. Daktari ana dakika chache na wewe, na bila maandishi atabahatisha. Ukurasa wa siku moja uonekane hivi:

*Jumanne. Saa 1 asubuhi: kichwa 3 kati ya 10, mbele. Dawa zote nimemeza. Saa 4: nimetembea hadi dukani, sawa. Saa 6: wageni sita, TV ipo juu. Saa 7: kichwa 7, kichefuchefu, nimelala chumba cha giza, parasetamoli 2. Saa 9: kichwa 3. Usiku: usingizi wa saa 4 tu.*

Soma tena ukurasa huo. Kichwa hakikuumizwa na upasuaji pale, kiliumizwa na baraza la wageni. Ndicho kitu ambacho kumbukumbu peke yake haitakuonyesha, kwa sababu wiki ikipita utakumbuka maumivu na kusahau kilichoyatangulia.

Kama mkono wako wa kuandikia ndio uliodhoofika, sema na ndugu aandike, au jirekodi kwenye simu. Andika hata siku nzuri. Daftari lenye siku mbaya peke yake linadanganya.

## Hatua ya 4: Shika dawa kama ilivyoandikwa

### Deksamethasoni

Hii, ambayo wengi huiita deksa, hupunguza kuvimba kunakobaki kuzunguka eneo lililopasuliwa. Ni dawa nzuri, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote.

Kwanza, usiiache ghafla. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupumzika na kuacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata kwa siku moja, mwili unabaki mtupu: kulegea, kutapika, presha kushuka, maumivu ya kichwa kurudi. Hupunguzwa kwa ngazi ambazo daktari amekuandikia. Vidonge vikikaribia kwisha kabla ya ngazi kwisha, nunua mapema.

Pili, angalia namba kwenye pakiti. Vipo vya miligramu 0.5 na vipo vya 4. Aliyeandikiwa miligramu 4 akipewa vile vya 0.5 anatakiwa kumeza 8. Akimeza kimoja amepata sehemu ya nane ya dozi, na akiumwa usiku atalaumu upasuaji. Andika miligramu daftarini, achana na hesabu ya "kidonge kimoja".

Tatu, meza baada ya kula, na dozi ya mwisho isipite saa nane mchana kama daktari amekubali mpangilio huo. Ikimezwa jioni utakodoa macho hadi alfajiri.

Tarajia njaa kali, uso kuvimba na hasira za karibu. Sukari hupanda, hata kwa asiyekuwa na kisukari: kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara vipimwe. Utando mweupe mdomoni ni fangasi, una dawa. Na mapaja hulegea. Dalili hii mara nyingi huonekana kwanza kwenye choo cha kuchuchumaa, mtu anashuka vizuri kisha hawezi kuinuka. Fundi wa mtaani anaweza kutoboa kiti imara katikati ukakiweka juu ya tundu, na ukutani akakufungia bomba la kushikilia. Mwambie daktari pia, kwani huenda dozi inaweza kushushwa.

Jambo moja la pembeni: deksa huuzwa mitaani kama dawa ya kunenepesha. Ndugu akikuomba "vile vidonge vyako vya mwili", kataa.

### Dawa za degedege

Levetirasetamu, fenitoini, kabamazepini, valproeti: yoyote uliyopewa, imezwe saa ile ile kila siku, na isiachwe kwa sababu "sijaanguka mwezi mzima". Hujaanguka kwa sababu unaimeza.

Fenitoini na kabamazepini hugombana na dawa nyingine. Hupunguza nguvu ya dolutegraviri iliyo ndani ya ARV (dawa za VVU), na hupunguza kinga ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Kama unatumia ARV au uzazi wa mpango huo, sema waziwazi kliniki, hata kama mkwe wako ndiye aliyekusindikiza. Omba kubaki na daktari peke yako dakika mbili.

Upande wa pili, usijinunulie siprofloksasini wala tramadoli duka la dawa. Zote zinaweza kuchokoza degedege. Pombe nayo isubiri. Miraa huiba usingizi, na kukosa usingizi ni kichokozi kikubwa cha degedege. Mitishamba sitaitukana, lakini hakuna anayejua itakavyokutana na dawa hizi mwilini mwako, kwa hiyo mweleze daktari kabla hujainywa.

Umefaulu ukimaliza wiki na vikombe vyote vimekwisha kwa zamu, bila kuulizana "hivi nimemeza?"

## Hatua ya 5: Tuliza kichwa

Lala kichwa kikiwa juu, mito kuanzia mabegani ili shingo isipinde. Damu na maji ya ubongo hushuka vizuri zaidi, na maumivu ya alfajiri hupungua.

Kwa mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 na ini zima, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Hesabu pia parasetamoli iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini usiguse bila ruhusa, kwa sababu zinaweza kuongeza kutokwa damu, na zikikutana na deksa huweza kutoboa tumbo.

Ukitumia dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikafuatana, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Daftari litakuonyesha kabla hujaingia humo.

Choo kigumu nacho huumiza kichwa, kwani kujikamua hupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Vidonge vyenye kodeini hukausha choo. Maji ya kutosha, papai, mchicha, maharage, na dawa ya kulainisha ikibidi. Waliopasuliwa kupitia puani wasipenge kamasi wala kutumia mrija hadi waruhusiwe, na wakipiga chafya wafungue mdomo. Hao pia, wakipata kichefuchefu, kichwa na kuchanganyikiwa siku chache baada ya kutoka hospitali, wapimwe chumvi ya damu haraka. Huweza kushuka katika wiki mbili za kwanza.

## Hatua ya 6: Pangia uchovu mipaka

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa nitakaa zaidi.

Uchovu wa baada ya upasuaji wa ubongo haufanani na uchovu wa shamba. Haulingani na kazi uliyofanya, na hata ukilala usiku mzima hauondoki wote. Ubongo unajikarabati huku ukitafuta njia mpya za kufanya mambo ya kila siku, na kazi hiyo hula nguvu. Unaweza kudumu miezi mingi. Tiba ya mionzi, ambayo mara nyingi huanza wiki chache baada ya upasuaji, huuongeza, na unaweza kupanda tena hata wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha. Ndugu wakiona umerudi kulala mchana kutwa, wasidhani moja kwa moja kuwa uvimbe umerudi, na wasikuite mvivu; wapige simu kliniki waulize.

Mtego ni siku ya nguvu. Unaamka mwepesi, unafagia uwanja, unafua, unapita kwenye msiba, jioni unaongea na kila mtu kwenye simu. Siku mbili zinazofuata upo kitandani. Ukinyanyuka unalipiza kazi zilizolala, unaanguka tena. Nimewaona waliozunguka hivyo miezi.

Fanya hivi.

Wiki ya kwanza, pima tu. Kila shughuli andika dakika ulizomudu kabla ya uchovu kuingia. Mfano: kukaa na kuongea dakika 20, kutembea 12, kusoma 8.

Wiki ya pili, fanya robo tatu. Uliyemudu kutembea dakika 12, tembea 9, kisha pumzika, hata kama unajisikia kuendelea. Hasa ukijisikia kuendelea. Unapumzika kabla ya kuchoka, kwa sababu ubongo uliochoka kupita kiasi hurejea polepole mno.

Kuanzia hapo, ongeza kidogo kila wiki, dakika moja au mbili. Uchovu ukikuangusha, rudi ngazi moja, usirudi mwanzo.

Pumziko ni chumba kimya, macho yamefumbwa, simu nje. Kutazama TV hakuhesabiki. Usingizi wa mchana uwe wa nusu saa na uishe kabla ya saa tisa, usije ukakunyang'anya usiku. Kazi inayotaka akili iwekwe asubuhi kabla ya joto. Dar, Mombasa au Tanga, saa saba mchana si wakati wa kujaza fomu za bima.

Usiache kutembea kabisa kwa kisingizio cha uchovu. Mwendo mfupi wa kila siku huupunguza, na huzuia damu kuganda miguuni.

Kisha kuna wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni utu, na hakuna anayetaka kuonekana amefukuza watu. Lakini watu sita wakiongea kwa pamoja ni mzigo mkubwa kuliko kubeba kuni. Msimamizi wa uuguzi ndiye aseme, mgonjwa asitwikwe jambo hilo: "Amefurahi mmekuja. Daktari ametupa dakika 15, wawili wawili." Mtaje daktari, hakuna atakayenuna.

Uchovu ukizidi mwezi hadi mwezi, omba vipimo vya damu: wekundu wa damu, sukari, homoni ya thairoidi. Uliza pia kama dawa ya degedege inahusika. Sababu nyingine zinatibika.

Dalili ya kufaulu: siku zako zinaanza kufanana. Hakuna siku ya ajabu, na hakuna siku ya kitandani.

## Hatua ya 7: Jiandae kwa degedege

Hata ambaye hajawahi kupata anaweza kuipata baada ya upasuaji. Wote nyumbani wajue la kufanya, mtoto wa darasa la tano na dada wa kazi wakiwemo.

1. Tazama saa.
2. Ondoa vitu vigumu, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola au kilemba.
3. Mgeuze alale ubavu mate yatoke.
4. Kaa naye hadi azinduke.

Usimtie kijiko mdomoni, usimbane mikono, usimmwagie maji, usimnusishe kiberiti wala kiatu. Povu haliambukizi degedege, liguse bila woga. Akizinduka atakuwa mzito na amechanganyikiwa. Asipewe chakula wala maji mpaka aongee vizuri.

Zipo pia ndogo zisizoangusha: mkono mmoja kucheza wenyewe, kukodoa bila kujibu, harufu ambayo wengine hawaisikii. Mtu mwingine arekodi video kwa simu. Kwa daktari, sekunde 20 za video zina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Mpaka daktari aseme vingine: usifunge bafu kwa komeo, usipike peke yako kwenye jiko la mkaa la chini, usichote maji kisimani, usiogelee wala kwenda na mtumbwi peke yako.

## Hatua ya 8: Mwili, mizani na macho

Mkono au mguu uliodhoofika unahitaji fiziotherapia mapema, na mazoezi ya nyumbani kila siku, vipindi vifupi vingi kuliko kimoja kirefu. Mkono dhaifu ushirikishwe kwenye kazi halisi: kushika bakuli wakati mwingine unakoroga, kukunja kanga, kuchambua mchele. Msimvute mtu kwa mkono dhaifu kumwinua. Bega huteguka.

Kizunguzungu: inuka kwa vituo, ukingoni mwa kitanda kaa dakika moja, ndipo usimame. Toa mikeka inayoteleza na waya za umeme njiani. Oga umekaa.

Macho yanahitaji jicho la ndugu. Chakula kikibaki upande mmoja tu wa sahani kila mara, au mtu anagonga bega lile lile mlangoni, huenda haoni upande huo na mwenyewe hajui. Mfundishe kugeuza kichwa kizima kuelekea huko, hasa kabla ya kuvuka barabara. Kuona vitu viwili viwili hupunguzwa kwa kuziba jicho moja, kwa kubadilishana. Apelekwe kliniki ya macho.

Akikohoa kila anapokunywa maji, huenda maji yanaingia njia ya hewa. Akae wima, ale polepole, avumilie uji mzito badala ya vimiminika vyepesi hadi apimwe, maana nimonia hutokea hapo.

## Hatua ya 9: Maneno na kumbukumbu

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Msemeni kama mtu mzima. Mpe muda, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia, na usimmalizie sentensi. Uliza maswali ya ndiyo na hapana. Mtu akiamkiwa "shikamoo" na "marahaba" isitoke, mkono ulioinuliwa ni jibu tosha. Watoto wafundishwe hivyo mapema, wasirudie salamu mara tatu mpaka mzee atoe machozi.

Mambo yaliyokaririwa mara nyingi hubaki: kuhesabu, siku za wiki, sala, nyimbo za kwaya au kaswida. Anayeshindwa kusema "maji" anaweza kuimba ubeti mzima. Tumia mlango huo, imbeni pamoja, kisha mchomoe neno moja mlitumie. Mwenye lugha mbili anaweza kurudiwa na Kisukuma au Kikikuyu kabla ya Kiswahili, au kinyume chake. Fuateni inayokuja.

Kumbukumbu haijengwi kwa kukaripiwa "si nimekuambia sasa hivi?" Inasaidiwa na vitu: kengele za simu kwa dawa, funguo msumari mmoja, kalenda ukutani, daftari lile lile. Jambo moja kwa wakati, redio imezimwa.

## Hatua ya 10: Hasira na huzuni

Mtu mpole anarudi akifoka, au anacheka msibani, au anakaa tu asianze chochote. Familia hukimbilia kusema amerogwa, au amebadilika moyo. Chunguzeni kwanza: sehemu ya mbele ya ubongo ikiguswa, breki hulegea, deksa huchochea, levetirasetamu inajulikana kwa kuleta hasira. Andikeni ilianza lini na dawa ipi ilibadilishwa wiki hiyo. Daktari anaweza kubadili dawa, ninyi msibadilishe.

Wakati wa mlipuko, msibishane. Punguzeni sauti, punguzeni watu chumbani. Mazungumzo yawe kesho yake asubuhi.

Kulia kila siku, kukataa kula, kusema "heri ningekufa": hayo yanapelekwa hospitali kama homa inavyopelekwa, na mtu asiachwe peke yake. Na anayeuguza naye alale. Zamu ya usiku igawanywe kabla hajaanguka yeye.

## Hatua ya 11: Kurudi kwenye maisha, kimoja kimoja

Ndoo kichwani: hapana, mpaka daktari mpasuaji aruhusu kwa kauli yake. Vivyo hivyo kuinama na fagio fupi, kufua kwa kuinama, na kunyanyua mizigo wiki za mwanzo.

Swala: sijida hushusha kichwa na kupandisha shinikizo. Wiki za mwanzo swali umekaa kwenye kiti. Saumu nayo isianze bila kukaa na daktari, kwani kurusha saa za dawa ya degedege au deksa ni hatari. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Nywele: nyuzi au pini hutolewa kwa kawaida kati ya siku 7 na 14. Kusuka kwa kuvuta, kubandika na dawa za kulainisha visubiri mpaka kovu limefunga kabisa.

Bodaboda: epuka. Kuendesha gari mwenyewe kunahitaji kauli ya daktari na sheria ya unapoishi. Uingereza, kwa mfano, mwenye kifafa hutakiwa kukaa miezi 12 bila degedege kabla ya kurudi kwenye usukani.

Ndege: waliopasuliwa India wasikate tiketi ya kurudi kabla ya barua ya mpasuaji. Hewa iliyobaki ndani ya fuvu hutanuka angani. Dawa ziwe mkobani, na majina halisi ya dawa zenyewe (mfano levetirasetamu) yaandikwe, maana jina la kibiashara la kule huenda lisijulikane duka la Kariakoo.

Kazi: anza nusu siku, siku chache. Mwambie bosi kipi unamudu, usimwambie umepona.

## Hatua ya 12: Ingia kliniki ukiwa umejipanga

Usiku wa kuamkia kliniki, toa ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari: dalili tatu zinazokusumbua zaidi, zimezidi au zimepungua, dawa na miligramu zake, na maswali matatu. Swali kubwa liwe la kwanza; usilifiche hadi umeshika kitasa cha mlango.

Mpeleke ndugu aandike majibu. Beba pakiti za dawa zenyewe. Ukiambiwa ufanye MRI na mtu wa mapokezi akaogopa vyuma kichwani, eleza kwamba sahani na skrubu za fuvu siku hizi huwa za titani, ambazo kwa kawaida hazizuii MRI, kisha onyesha karatasi ya ruhusa wathibitishe.

Tarehe ya kipimo kijacho iandike kwenye jalada la daftari kabla hujaondoka kwenye benchi. CD ya MRI tengeneza nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine kwa ndugu. Picha ya zamani ikipotea, hakuna cha kulinganishia ile mpya, na doa dogo la kovu linaweza kuwanyima watu usingizi bure.